Shajara ya mradi: kuwinda macho mekundu, Lamu

Jumapili usiku

Mradi wenyewe kwa ufupi. Nataka nijue kwa nini macho ya watu yanatoka mekundu nikiwapiga picha na flashi, nijue kwa futi na hesabu sio kwa porojo, halafu nitengenezeshe kitu cha kunitolea balaa hii kabla msimu wa harusi haujakolea. Mimi napiga upande wa kina mama peke yake, kupamba, kutolewa nje, zile shughuli ambazo simu za wageni zinawekwa kikapuni mlangoni na kamera inayoingia ni yangu tu, kwa hivo picha zikiharibika hakuna za mtu mwengine za kukimbilia. Na kumbi zenyewe unazijua, taa kubwa zimezimwa, zimebaki zile za rangi za kuzungukazunguka, bibi harusi hina imempanda mpaka begani, wanja umekaa sawasawa, unafungua laptopu unakuta mboni mbili nyekundu zinakutumbulia.

Ndio, programu za kufuta zipo, usiniambie. Lakini picha za usiku mmoja ni nyingi mno kukaa kupaka kidoto cheusi jicho mojamoja, na jicho lililopakwa linajulikana tu, halina uhai.

Leo nimepitia picha za zamani basi. Kuna moja imenishika. Ilipigwa ndani ya nyumba moja ya Mkomani, safu ya mbele wamekaa mkekani, safu ya nyuma wamesimama wameegemea ukuta. Wa mbele macho safi kabisa. Wa nyuma wote mekundu, isipokuwa mmoja aliyekuwa anamtazama mtoto wake pembeni. Kamera ileile, flashi ileile, sekunde ileile. Kama ni ubovu wa kamera mbona imebagua? Nikawatumia shangazi zangu ambao wenyewe wamo humo, jibu la kwanza likawa hao hawajalala, la pili damu zimewapanda, na bibi yetu akachukua simu ya mjukuu akatuma sauti, "Mwanangu, mato yangu umeyatiani? Haya ni kama mato ya shetani haya." Nimeicheza ile sauti mara kadhaa kwa kucheka, lakini swali lake ndilo swali la mradi.

Jumatatu

Wekundu unatoka wapi. Ni damu kweli, hapo shangazi kakaribia, ila sio damu iliyopanda, ni ya kawaida iliyoko nyuma ya jicho la kila mtu usiku na mchana. Nuru ya flashi inaingia ikiwa nyeupe, inapita kornea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, inapita mboni ambayo ni tundu tu, inapita lenzi, inafika retina, utando wa nyuma unaopokea picha. Retina yenyewe inapitisha sehemu kubwa ya nuru, nyuma yake kuna tabaka la melanini, ile rangi nyeusi ya mwili, na nyuma ya hapo koroidi, tabaka limejaa mishipa ya damu tele manake retina ni mlaji mkubwa. Sasa himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, inameza bluu na kijani bila huruma, ila ukivuka kama nanomita 600 inaachia ghafla, na melanini nayo inameza bluu zaidi kuliko nyekundu. Kinachosalimika kutoka ni chekundu. Ndio maana kwa watu wetu wenye macho meusi wekundu unatoka mzito, wa kuiva, na kwa mgeni mwenye macho ya bluu unatoka mkali wa kuwaka, melanini ni kidogo kwa hivo nuru nyingi inarudi salama. Watu wenye ualbino ndio zaidi.

Lakini hilo linaeleza rangi tu. Halielezi kwa nini siku zote mboni tunaiona nyeusi. Ndani ya jicho nuru imo muda wote, mchana wote inaingia. Shida ni kwamba lenzi ya jicho iliyoikusanya nuru ikienda ndiyo inayoipanga tena ikirudi, kwa hivo inarudi kulekule ilikotokea. Ukitaka kuiona inabidi kichwa chako kiwe palepale taa ilipo, na ukiweka kichwa pale ushaiziba taa. Huu mkwamo uliwazungusha madaktari mpaka Hermann von Helmholtz alipochapisha habari za oftalmoskopu yake, chombo cha kuchungulia ndani ya jicho, mwaka 1851, na dawa yake ilikuwa nyepesi ya kuudhi, taa iko pembeni, kipande cha kioo kimelazwa mshazari kati ya daktari na mgonjwa, kioo kinasukuma nuru ndani ya jicho na daktari anachungulia kupitia kioo hichohicho. Charles Babbage, yule wa mashine za hesabu, alikuwa ashaunda cha kwake 1847 ila hakikufika popote.

Sasa kamera ambayo flashi yake imebanana na lenzi inafanya kazi ileile bila kuombwa. Yaani ile picha ya bibi ni picha ya nyuma ya jicho lake, basi tu haiko kwenye fokasi. Nimemwambia. Kasema nimrudishie yake.

Jumanne

Pembe. Leo ndio siku iliyonifurahisha.

Ukichukua umbali kati ya flashi na lenzi ukaugawa kwa umbali wa mtu unapata pembe ambayo nuru inabidi ipotee njia ili iingie kwenye lenzi yangu badala ya kurudi kwenye balbu. Flashi yangu ikikaa juu ya kamera, katikati ya kioo chake hadi katikati ya lenzi ni sentimita 15. Nikarudi Mkomani na futi ya cherehani, mwenye nyumba ananiuliza, dada unashona mapazia sasa? Mkekani ni mita 2.5, ukutani mita 5. Piga hesabu: wa mkekani wanapata digrii 3.4, wa ukutani digrii 1.7. Na yule aliyeangalia mtoto, mboni yake ilikuwa imeelekea kwengine, kamera iliiona kwa ubavu, nuru iliyotoka ikawa hafifu.

Jioni nimemkamata mpwa wangu, malipo yake pakiti za mabuyu. Nimemkalisha chumba cha nyuma, taa nimezima, anatazama lenzi, flashi nimeishika mkononi na waya wake, naisogeza mbali na lenzi kidogokidogo naipiga. Kwa karibu mboni imejaa nyekundu yote. Ukisogeza wekundu haukatiki kama swichi, unafifia, unabaki ukungu wa kahawia, halafu mboni inarudi nyeusi. Kwake yeye na kwa dada yake ulikuwa unakufa kati ya digrii 2 na 3, kwa mama yao mapema zaidi.

Kwa nini digrii 2 na nusu na sio 0 kabisa? Kama jicho lingekuwa kamilifu nuru ingerudi kwenye balbu ya flashi peke yake, lenzi iliyo pembeni isingepata kitu. Lakini nuru ikishatua nyuma ya jicho haitulii kwenye nukta moja. Inapenya ndani ya tabaka, inatangatanga kwenye damu, inatokea kando kidogo ya pale ilipoingilia, na hicho kidogo ndicho kinachoitoa njiani. Digrii moja kwenye retina ni kama milimita 0.3 tu, kwa hivo tunazungumzia nuru kuteleza chini ya milimita moja ndani ya nyama, na hiyo inatosha kuniharibia harusi. Juu yake ongeza kwamba jicho halijalenga fokasi sawasawa kwenye flashi, gizani linaelea.

Kanuni niliyojiandikia kwenye mfuniko wa begi: umbali wa flashi na lenzi, zidisha mara 20, ndio mwisho wa usalama wako. Sentimita 5 inakupa mita 1. Sentimita 15 inakupa mita 3. Basi wale wenzangu wanaorudi nyuma na kuvuta kwa zumu ili "wasimsumbue" bibi harusi wanajichimbia wenyewe, kila hatua ya kurudi nyuma inabana pembe.

Alhamisi

Nimetaka jicho la kuchezea ambalo halidai mabuyu. Fundi wa stima mtaani kanitolea utumbo wa balbu ya zamani ya waya, upana wake sentimita 6, nikaijaza maji, usoni nikabandika tepu nyeusi yenye tundu la duara, hiyo mboni.

Sasa kabla ya kupaka rangi ya kucha kwa nyuma nimekaa nikapiga hesabu, na hapa kuna kitu kitamu. Tufe la maji halikusanyi nuru kwenye ukuta wake wa nyuma. Maji yanapinda nuru kwa kipimo cha 1.33 na ukifuata mistari inakutana nje ya tufe, mbali ya nusu upana wake kutoka kioo cha nyuma, yaani kwangu mimi sentimita 3 nyuma ya balbu. Kwa hivo ukipaka wekundu juu ya kioo chenyewe umetengeneza jicho lisiloona vizuri vitu vya karibu, nuru itarudi imetawanyika. Nimejaribu zote mbili. Rangi ya kucha kwenye kioo: tundu limetoka jekundu la kinyonge. Karatasi nyekundu ya daftari imesimamishwa sentimita 3 nyuma: tundu lote limewaka, na nikisogeza flashi pembeni linazimika. Nikasogeza karatasi mbele kidogo, nyuma kidogo, unaona kabisa mwangaza ukipanda na kushuka. Nimekaa na hiyo karatasi mpaka adhana ya Ishaa.

Jicho letu limetatua hili kwa kutokuwa tufe kamili. Kornea imebinuka zaidi kuliko mpira wa jicho, nusu kipenyo chake ni kama milimita 7.8 na urefu wa jicho zima milimita 24 hivi, kwa hivo kazi kubwa ya kupinda inafanyika palepale mlangoni, kama diopta 43 (diopta ni kipimo cha nguvu ya kupinda nuru) kati ya 60 za jicho zima, na lenzi iliyoko ndani inamalizia.

Na wenye viwanda wametatua kwa njia yao. Ile tepu ya kung'aa kwenye majaketi ya kuokolea kule kwenye boti za jetini, ambayo kwenye picha za usiku inatoka nyeupe mpaka inafuta sura ya mtu, ndani yake mna ushanga wa kioo mdogo kama vumbi. Ukitengeneza kioo kinachopinda nuru karibu 1.9 badala ya 1.5 ya kioo cha dirisha, fokasi inarudi ndani na kukaa karibu kabisa na mgongo wa ushanga, ukipaka kitu cha kuakisi hapo umemaliza. Macho madogo maelfu, yote yanamrudishia kila mtu tochi yake.

Halafu nikabadilisha karatasi. Jani la mwembe, tundu kijani. Kipande cha leso ya manjano, tundu manjano. Kwa hivo rangi ni ya kile kilichopo nyuma, njia ya kurudi ni ileile, na hapo nikajua Jumamosi natoka na flashi kwenda kuzungumza na punda.

Jumamosi usiku

Lamu hukosi somo la macho, barabarani punda, barazani paka.

Punda: bluu ya kijani, kubwa, inaonekana hata kwa pembe ambazo za binadamu zishakufa. Mbuzi karibu hivohivo. Paka wa Mkunguni: kijani cha manjano, vitoto vyao bluu. Hawa wote wana tapetamu, tabaka la kuakisi nyuma ya retina ambalo kazi yake ni kuipa nuru nafasi ya pili, iliyopita bila kukamatwa inarudishwa ipite tena. Ya punda ni nyuzi za kolajeni zilizopangwa kwa mpangilio unaorudisha rangi fulani zaidi, ya paka ni seli zilizojaa vijiti vidogo. Huko nuru haifiki kwenye damu, inakatiwa njiani, ndio maana haitoki nyekundu. Sisi binadamu hatuna, wala nyani hawana, wala nguruwe. Komba anayo, na ya kwake inawaka rangi ya chungwa.

Ila pale soko la samaki kuna paka mweupe wa macho ya bluu. Nimempiga: nyekundu. Nyekundu tupu kama shangazi. Nimemrudia kwa pembe nyingine, nyekundu. Paka wa macho ya bluu mara nyingi tapetamu hawana au ni haba, na rangi nyuma ya jicho ni kidogo, basi flashi inafika kwenye damu moja kwa moja. Mzee mmoja aliyekuwa anaparura samaki ananiangalia, "Huyo ni paka wa watu, si wa kupijwa picha." Sijui alimaanisha nini na sikuuliza.

Hapa paka wana historia kwenye jambo hili, na si nzuri kwao. Mwaka 1704 Mfaransa Jean Méry alimzamisha paka kwenye maji, mboni zikapanuka, na maji yakaua ule mpindo wa kornea, akaona wazi mishipa ya nyuma ya jicho lake. Maelezo aliyoyatoa hayakuwa kamili lakini ndio mtu alianza kuona kwamba kule ndani kuna kitu cha kuonekana. Na miaka ya 1840 Mwingereza William Cumming na Ernst Brücke kule Berlin wakaonyesha kwamba jicho la mtu nalo linang'aa ukijipanga sawa na taa. Helmholtz alikuja juu ya kazi ya hao.

Mwisho wa usiku nikashuka ufukoni wavuvi walipokuwa wanarudi na kamba. Ukitaka kuona wekundu kwa maji, mulika kamba aliye hai gizani, cheche za rangi ya chungwa na nyekundu pande zote mbili za kichwa, wavuvi wanazijua kitambo wala hawahitaji mimi kuwaeleza. Lakini jicho la kamba si la lenzi moja. Nimebana ile lenzi ndogo ya makro kwenye simu nikamsogelea, jicho limekaa juu ya kijiti chake, na juu yake kuna vyumba vidogo vidogo, na vyumba vyenyewe ni vya mraba! Nyuki na nzi wao ni pembe sita. Mraba kwa sababu kila chumba kuta zake ni vioo, nuru inagonga ukuta na kuelekezwa ndani, vioo badala ya lenzi. Klaus Vogt na Michael Land ndio waliogundua hili miaka ya 1970, mmoja akiangalia kamba wa mtoni na mwingine kamba wa baharini. Nimewala wengine na wali wa nazi, huyo wa picha nimemrudisha majini kwa heshima.

Jumatatu

Nimebaki na mboni yenyewe. Mchana imefunga milimita 2 hadi 4, gizani kwa kijana inafika 7 au 8. Ukitoka 3 kwenda 7 eneo linaongezeka mara 5 na zaidi, na nuru inapita hapo kwenda na kurudi. Watoto wana mboni pana, kwa hivo watoto ndio wekundu zaidi harusini, na wazee mboni zao hazipanuki sana tena. Bibi alibahatika vibaya tu, alisimama nyuma kabisa.

Sasa mtu atasema mboni si inajifunga ukimulika? Inajifunga, lakini inachelewa kama sehemu ya tano ya sekunde kabla hata ya kuanza. Flashi ya kamera inawaka na kuzima kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde hivi au chini yake. Jicho linakuja kujifunga picha ishapigwa zamani. Ile ya kuwasha mara mbilimbili, ya kupunguza wekundu, inamulika kwanza ili mboni ijifunge halafu ndio ipige, na inafanya kazi, shida yake ni binadamu. Ikimulika ya kwanza kila mtu anadhani ishatoka, tabasamu linaanguka, mmoja keshageuka kuchukua sambusa.

Hii ndio inajibu pia kwa nini simu haitoi sana macho mekundu. Simu flashi yake iko sentimita 1.5 kutoka lenzi, kwa kanuni yangu usalama wake ni sentimita 30, yaani ingepaswa kuwa janga. Lakini ile si flashi ya kupasuka, ni LED, inawaka kwanza muda mrefu kutafuta fokasi na kupima mwanga, mboni inapata wakati wa kufunga, na kinachobaki programu ya ndani inakisafisha kimyakimya kabla hujakiona.

Kuwasha taa za ukumbini nilishapendekeza. Mama wa bibi harusi akaniangalia nikanyamaza.

Jumatano

Hii nataka niiandike vizuri.

Katika picha za majaribio kuna mtoto wa jirani, mdogo, nimempiga kwa ruhusa ya mama yake. Jicho moja jekundu, la pili jeupe. Sio kidoto cha mwanga juu ya jicho, mboni yenyewe imejaa weupe wa kama maziwa.

Kuna sababu isiyo na madhara. Pale mshipa wa jicho unapotokea kwenda kwenye ubongo hakuna koroidi mbele yake, ni peupe, na pamekaa kama digrii 15 upande wa pua. Mtoto akitazama pembeni, jicho linalogeukia puani linaweza kuielekeza kamera pale kabisa. Akitazama kushoto kwake ni jicho la kulia, na kwenye picha ndivyo alivyokuwa. Nikampiga tena akitazama lenzi, akitazama juu, akitazama kulia. Mekundu yote mawili kila mara.

Lakini weupe ule pia ndio unaoonekana kwenye retinoblastoma, saratani ya retina, ambayo wengi wanaipata kabla ya miaka 5, na ikikamatwa mapema mara nyingi mtoto anapona, mara nyengine na jicho anabaki nalo. Mtoto wa jicho nao unatoa weupe, wapo wachanga wanaozaliwa nao. Na hata wekundu usiolingana, jicho moja limewaka na jingine limefifia mtoto akiwa anatazama kamera, unaweza kuonyesha kengeza au jicho moja kuwa na nguvu tofauti na jingine. Daktari akimulika macho ya mtoto mchanga kwa kile kitochi chake anatafuta kitu hikihiki ninachokikimbia mimi, wekundu, pande mbili, sawasawa.

Kwa hivo sikumwambia mama mtu ni pembe tu usijali. Mimi ni mpiga picha. Nimemuonyesha picha zote, nikamwambia ampeleke kwa daktari wa macho aende na simu yenye zile picha, na asikubali kuambiwa ni flashi bila mtoto kumulikwa. Ameenda, wamemtia dawa ya kupanua mboni wamemwangalia, yuko sawa.

Kilichobadilika kwangu: nimezima usafishaji wa macho wa moja kwa moja kwenye programu yangu. Picha za watoto nazitazama kwanza kama zilivyotoka, halafu ndio napaka.

Ijumaa

Kazi ya mbao. Nimetaka flashi ipande sentimita 30 juu ya lenzi, mara 20, mita 6, ukumbi mwingi wa hapa umo. Fundi seremala wa Langoni kanitafutia kipande cha mvule kilichobaki kwenye mlango, akakipima mkononi, "Dada, hii ni ya kamera au ya jahazi?"

Wazo lenyewe si jipya. Wakati wa kamera za Kodak za flashi za mchemraba watu walikuwa wakiuziwa kijiti cha plastiki cha kuupandisha ule mchemraba juu. Halafu katikati ya miaka ya 1970 ikaja FlipFlash, ubao mrefu wa balbu nane ambao unawaka zile za upande wa mbali na lenzi peke yake, zikiisha unaupindua juu chini na zile nyingine ndio zinakuwa za mbali. Nusu ya balbu zimegeuzwa kuwa kijiti! Wakati huohuo, 1975, Konica wakatoa C35 EF, kamera ndogo ya milimita 35 yenye flashi ndani yake, kila mtu akaiga, flashi ikasogea karibu na lenzi, na picha za rangi zikawa zishaenea. Albamu za wazazi wetu zimejaa matokeo.

Tatizo la mkono mnyoofu ni ukisimamisha kamera wima flashi inalala ubavuni na kivuli kinaruka ukutani kando ya kichwa, kibaya kuliko wekundu. Fundi akatia bawaba ya dirisha, nageuza kamera na flashi naibinua ibaki juu, kivuli kinaanguka nyuma ya mabega hakionekani.

Kurusha flashi darini nimekujaribu pia. Nyumba za mjini dari zake ni boriti za mikoko, nyeusi kwa umri, zinakula nuru na kinachorudi ni cha kahawia. Kuta za chokaa ndizo za kurushia, ukipata ukuta mtupu, na siku ya harusi ukuta mtupu haupo.

Jumapili mchana, baada ya kupamba

Mkono umefanya kazi. Mbele safi, nyuma safi, bibi harusi safi, wanja wake unaonekana. Nimepata macho mekundu kwa wasichana waliokuwa wamejazana mlangoni, mbali, kama mita 9, ambayo kwa sentimita 30 ni digrii 1.9, sina ugomvi nayo.

Shida iliyobaki ni uzito. Mvule, flashi na betri zake zote viko juu, saa ya tatu kifundo cha mkono kinalia, na katikati ya vigelegele bawaba ikalegea flashi ikainama yenyewe, mama mmoja akadhani inampigia saluti. Wa pili nauagiza kwa bomba la alumini la antena ya tivii, bawaba ifungwe kwa skrubu ya masikio ili niikaze kwa vidole. Mwenzangu wa video wa Malindi ashaniandikia anataka na yeye mmoja. Nimemwambia asipoteze pesa, taa yake inawaka muda wote, mboni zishajifunga kabla hajabonyeza.